Jua la Tanga ni la bure, ila piga kwanza hesabu ya luku

Umeme ukikatika Ngamiani, barazani hakosekani wa kusema: "Na jua lote hili, watu wanashindwaje kufunga sola? Si bure?"

Jua ni bure, sawa. Lakini nyumba iliyo kwenye kundi la bei la TANESCO liitwalo D1, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo. Taa, feni, televisheni na chaji za simu zikila uniti 60, hiyo ni kama shilingi 7,300. Sasa mwambie mama mwenye nyumba atoe laki kadhaa taslimu kwa paneli, inverta na betri ili aokoe elfu saba kwa mwezi. Atakucheka, na ana haki. Paneli inaweza kumaliza miaka 25. Betri ya asidi itakufa zamani kabla ya hapo, na mfuko utafunguliwa tena.

Ajabu yake ni kwamba bei hiyo iliwekwa kumsaidia mnyonge, nami siipingi. Ila ndiyo hiyo hiyo inayofanya sola isimlipe. Hesabu hugeuka kwa aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako uniti inafika kama shilingi 356. Anayeuza barafu na juisi kwa mafriji mawili akala uniti 200 anatoa zaidi ya shilingi 71,000 kila mwezi, na mafriji yake yanafanya kazi kubwa mchana, jua likiwa limewaka. Huyo ndiye wa kukaa na fundi, asingoje majirani waanze.

Halafu kuna wanaoamini kuwa ukiwa na paneli tu, kukatika kwa umeme hakukuhusu. Mfumo uliounganishwa na gridi, yaani nyaya za TANESCO, bila betri hujizima gridi ikizimika, makusudi, usije ukampiga shoti fundi aliye juu ya nguzo. Mwanga wa usiku unatoka kwenye betri, na betri ndiyo pesa.

"Joto jingi, umeme mwingi"? Hapana. Paneli hutaka mwanga. Ikipanda juu ya nyuzi 25 hupoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi. Bati la Februari saa saba mchana mnalijua. Iinueni kidogo upepo upite chini, na kwa walio karibu na bahari, nati ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Mpangaji wa chumba na sebule je? Bati si lake. Hata akipata mkopo, mwenye nyumba akimwambia ahame, anaondoka na taa na betri, paa lenye matundu ya misumari anamwachia mwenyewe, na ugomvi unaanzia hapo.