Kidokezo fiche si kitendawili

Siku hizi kila swali la chemshabongo linalowashinda watu huitwa "kidokezo fiche", hata likiwa linauliza tu mji mkuu wa nchi ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Wengine huongeza, kwa nia njema, kwamba vidokezo hivyo ni vitendawili vya Waingereza. Matumizi yote mawili yanapotosha, na hilo la pili linapotosha zaidi kwa sababu linaukaribia ukweli.

Kidokezo fiche ni sentensi fupi katika fumbo la maneno, yaani ule mchezo wa kujaza majibu herufi kwa herufi kwenye miraba, inayoelekeza kwenye jibu moja kwa njia mbili. Sehemu moja, ama ya mwanzo ama ya mwisho, hutoa maana ya jibu, na iliyobaki hueleza jinsi herufi zake zinavyopatikana. Idadi ya herufi huwekwa kwenye mabano.

Fumbo la maneno lenyewe lilianzia Marekani, Arthur Wynne alipolichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na vidokezo vyake vilikuwa vya kawaida. Ufiche uliongezwa na Waingereza. Edward Powys Mathers, aliyetungia gazeti la The Observer kuanzia 1926, alijiita Torquemada, jina la kasisi wa Hispania aliyeongoza mahakama ya kuwatesa waliodaiwa kuasi dini, na waliojaribu kuyafumbua mafumbo yake waliona kwamba jina limemfaa. Alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ilichukuliwa na Derrick Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, ambaye naye alijipa jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyo, Ximenes, lakini akawa mtetezi mkubwa wa haki ya mfumbuzi. Alishikilia kwamba kidokezo kiwe na maana sahihi, maelezo ya haki ya herufi, na kisiwe na kitu kingine chochote. Mtunzi mwenzake A. F. Ritchie alikwisha kusema mwaka 1949 kwamba mtunzi halazimiki kumaanisha anachokisema, ila analazimika kukisema anachokimaanisha.

Hapo ndipo kitendawili kinapoachana na kidokezo fiche. Ukitegewa "nyumba yangu haina mlango", jibu ni yai, kwa sababu ndivyo tulivyolipokea kutoka kwa waliotutangulia, na ukijibu tikiti maji utaambiwa umekosa ingawa nalo halina mlango. Asiyejua hutoa mji, kisha huambiwa jibu. Kidokezo fiche hakihitaji mtegaji wa kuamua, kwa kuwa kimebeba ushahidi wake chenyewe. Chukua mfano huu nilioutunga: "Ndege katika jumba tayari (4)". Anayewaza uwanja wa ndege atahangaika bure. Maana ni "ndege", neno "katika" linatuagiza tutazame ndani ya maneno yanayofuata, na kati ya "jumba" na "tayari" yumo BATA. Au huu: "Mali iliyotapanywa hufunika barabara (4)". Herufi za "mali" zikitapanywa zinaweza kutoa mila, lima, imla au LAMI, lakini ni lami pekee inayofunika barabara.

Kiswahili, kwa njia, kinambana mtunzi mahali ambapo Kiingereza kinamwachia. Ningeandika "ndege yumo", ningekuwa nimekwisha kufichua kwamba ni kiumbe hai; ningeandika "ndege imo", ningekuwa nimemdanganya mfumbuzi, jambo ambalo Ximenes asingelisamehe. Upatanisho wa ngeli hausemi uongo, kwa hiyo kitenzi kimebidi kiondoke.

Kwa sababu hiyo, marafiki wanaokaa pamoja kufumbua vidokezo fiche hawashindani kubahatisha, ingawa kwa mtazamaji wa pembeni huonekana hivyo. Mmoja huweza kuiona maana asijue herufi zimetoka wapi. Mwingine akaona kwamba kuna neno lililotapanywa asijue linageuka kuwa nini. Na jibu hupatikana pale sehemu hizo mbili zinapokutana. Mwenye kutamka jibu bila maelezo huwa amefanya nusu ya kazi, na wenzake humuuliza "umelipataje?" bila kumshuku kwa lolote, maana wanataka kuyafurahia maelezo pamoja naye.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyekwama kwenye kidokezo cha aina hii, usiombe mji. Muulize mwenzako anadhani maana imekaa upande gani wa sentensi, mwanzoni au mwishoni, kisha muugawane upande uliobaki. Na lile swali la mji mkuu wa nchi ya mbali, tafadhali liite swali gumu.