Kamati za kujitolea kwenye klabu za gofu: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Binamu yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo mwezi uliopita, na usiku mmoja pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, Zanzibar, dele likiwa bado la moto, akatwambia kwamba klabu yake ya gofu imevunja kamati zake karibu zote na kumwajiri meneja. Basi ndiyo ikawa mada ya usiku ule, gofu yenyewe hatuichezi! Mimi nilikuwa katibu wa klabu ya mpira ya mtaani kwetu Ng'ambo kwa miaka sita, kwa hiyo neno "kamati" likitajwa nasisimka, mara kwa mapenzi na mara kwa hasira. Yaliyosemwa usiku ule mengi yalikuwa na mantiki, lakini si yote yaliyokuwa kweli.

Dhana: Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu.

Wakati wa ukoloni Waingereza walikuwa wakicheza gofu hapo hapo Mnazi Mmoja, wakati vijana wa Ng'ambo wakihangaika kutafuta pa kupigia mpira. Leo uwanja wa mashimo 9 upo upande wa Mangapwani, kwenye hoteli ya Sea Cliff. Mgeni analipa, anacheza, anaondoka. Kwa hiyo gofu yaweza kuchezwa bila ya mkutano mkuu wala uchaguzi wa mweka hazina. Kamati huja pale wachezaji wanapotaka kuwa wenye mali. Na hilo visiwani halikuletwa jana: Ikhwani Safaa, klabu ya taarab, imekuwepo tangu 1905, wanachama wakichangishana, wakichaguana na, bila ya shaka, wakinuniana.

Dhana: Siku hizi kuna programu ya simu, kamati ya nini?

Hapa ndipo kijana mmoja wa kompyuta alipotushinda sauti. Alikuwa na nusu ya ukweli. Gofu ina kitu kiitwacho hendikapu, namba inayomwezesha mchezaji dhaifu kushindana na hodari bila ya kuonewa. Tangu 2020 dunia imeanza kutumia mfumo mmoja wa hendikapu badala ya mifumo sita iliyokuwepo. Mchezaji anaingiza alama zake, programu inachukua raundi zake 20 za karibuni, inachagua 8 zilizo bora, inatoa wastani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mzee mmoja wa klabu kwa kalamu na daftari, na alipougua kila kitu kilisimama.

Lakini programu haijui kwamba fulani anaingiza alama mbaya tu, ili siku ya mashindano apewe fidia kubwa akaondoke na kombe. Wenzake aliocheza nao ndio wanaojua. Ndiyo maana mfumo huo huo unaitaka kila klabu iwe na kamati ya hendikapu, yenye mamlaka ya kumpandisha mtu, kumshusha, au hata kumnyang'anya hendikapu yake. Na kanuni za gofu zenyewe, ambazo toleo lake la kwanza lilikuwa na vifungu 13 tu, vilivyoandikwa Edinburgh mwaka 1744, leo zinaitaja Kamati kwa jina lake na kuipa kazi: kuweka mipaka ya uwanja, kutunga kanuni za pale mahali, kuamua ugomvi, kumtoa mtu mashindanoni. Kompyuta imeiondolea kamati hesabu. Ugomvi imeiachia.

Dhana: Kazi ya kujitolea haina gharama.

Hii naijibu kwa aibu. Klabu yetu ya mpira iliwahi kuwa na mwenyekiti mwenye pumzi nyingi na tajiriba kidogo. Akaamua uwanja utiwe kifusi. Mzee aliyekuwa akiutunza uwanja akasema wazi kwamba udongo ule hautapitisha maji. Nani wa kumsikiliza, mbele ya wajumbe kumi na moja walionyoosha mikono? Mimi mmoja wao. Masika ilipoingia uwanja ukawa bwawa la bata, tukakaa miezi mitatu tunaomba viwanja vya watu. Hakuna aliyeulizwa kitu, maana utamuulizaje mtu ambaye hukumlipa?

Kwenye gofu balaa hili ni kubwa zaidi kwa sababu nyasi ndio mchezo. Uwanja wa mashimo 18 ni eka mia na zaidi, na grini, yaani yale majani mafupi yanayozunguka shimo, hukatwa kwa vipimo vya milimita. Kwenye pwani kama yetu, ambako maji ya visima mara nyingi yana chumvi, wataalamu hupenda kupanda nyasi ya paspalum kwa kuwa inaistahamili. Uamuzi kama huo ni wa mtu aliyesomea. Lakini klabu nyingi za kale zina kamati ya uwanja yenye daktari, mwanasheria na mfanyabiashara wa magari, na mwenyekiti akibadilika kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na ladha ya uwanja nayo inabadilika: huyu anapanda miti, yule anaing'oa. Kwa hilo, binamu yangu na meneja wake nawaunga mkono moja kwa moja.

Dhana: Wenye klabu ni wanachama, basi watakalo ndilo.

Muirfield, kule Scotland, ni nyumbani kwa klabu ile ile iliyoandika kanuni za 1744. Mwezi wa Mei 2016 wanachama walipiga kura kama wanawake waruhusiwe kujiunga. Asilimia 64 walikubali, lakini katiba ilitaka theluthi mbili, kwa hiyo pendekezo likaanguka. Siku hiyo hiyo R&A, taasisi inayosimamia kanuni za gofu na yenye mashindano makubwa ya The Open, wakatangaza kwamba hawatayapeleka tena kwenye uwanja huo. Machi 2017 wakapiga kura upya, mara hii asilimia 80 wakakubali, na mlango ukafunguliwa. Mwaka 2022 mashindano ya The Open ya wanawake yakachezwa hapo hapo Muirfield, akashinda Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini.

Kura ilikuwa halali kila mara. Ila kwa muda wa miezi kumi klabu ililipia kura ya wachache wake, na hakuna meneja wa mshahara ambaye angeweza kuliamua lile kwa niaba yao.

Dhana: Vijana wa sasa hawajitolei.

Waongo. Kukiwa na msiba mtaani, nani anayechimba kaburi na kubeba viti? Wanachokikataa ni kukaa kikaoni tangu baada ya isha mpaka saa sita usiku wakisomewa kumbukumbu za kikao kilichopita. Mpe kijana kazi moja yenye mwanzo na mwisho, mathalan kuendesha mashindano ya siku mbili, utamuona.

Dhana: Meneja akiingia, kamati imekufa.

R&A hao hao wanatoa mfano. Klabu ya St Andrews, iliyoanzishwa 1754, kwa zaidi ya karne ilikuwa ndiyo inayosimamia kanuni za mchezo karibu dunia nzima kupitia kamati zake. Mwaka 2004 ikaitenga kazi hiyo na kuipa taasisi nyingine yenye watumishi wake, ndio hao wenye The Open. Klabu ikabaki klabu, na kamati za kanuni zipo mpaka leo, zikisaidiwa na watu wa mshahara.

Nilimuuliza binamu, sasa kwenu nani anayemwangalia meneja? Akasema wamebakisha watu saba: wanapitisha bajeti, wanamuajiri na kumfukuza meneja, wanapokea hesabu. Kukata nyasi, kununua vifaa, kupanga zamu za jikoni, si kazi yao tena. Na kamati ya hendikapu?

"Hiyo ipo," akasema, akatazama kikombe. "Mimi ni mjumbe. Jumatatu nina kesi ya rafiki yangu."

Baraza zima likanyamaza, kisha mtu akaomba aongezewe kahawa.