Ndege Wanne wa Pemba

Wiki chache zilizopita mama mmoja, mwenzetu wa matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, alinijia ofisini hapa makumbusho, Nairobi, na daftari mkononi. Alikuwa ametoka Pemba. "Daktari, nauli yangu nimeitupa baharini," akasema. "Siku nne, ndege thelathini na wawili! Hao mimi nawapata City Park kabla ya chai ya saa nne."

Nikamwomba daftari. Kwenye ukurasa wa msitu wa Ngezi, alfajiri, alikuwa ameandika ninga (njiwa wa kijani), chozi (kindege anayefyonza maua), na kindege wa manjano mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho. Chini kabisa, kwa penseli: "bundi mdogo, hu… hu…, hakuonekana." Nikawazungushia duara wote wanne. Ndege hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba na vijisiwa vya kandokando yake. Kenya nzima, pamoja na aina zake zaidi ya 1,000 za ndege, haina hata mmoja wao.

Hapo ndipo sisi wa Nairobi tunapopigwa chenga. Jiji letu limekaa pale ambapo mbuga, misitu ya nyanda za juu na mabwawa vinakutana, basi kila ukigeuka kuna ndege mwingine, na mtu huzoea kuipima siku yake kwa urefu wa orodha. Kisiwani kipimo hicho hakifai. Kisiwa kidogo humpata tu ndege aliyeweza kuvuka maji, akakuta chakula, tena akampata mwenza. Wengi hushindwa. Wachache wanaofaulu, wakikaa muda mrefu bila kuchanganyika na wenzao wa bara, hubadilika wimbo, rangi na umbo, mpaka wakawa ndege wengine kabisa.

Huo muda mrefu, pale Pemba, siri yake ni kina cha bahari. Watu huniuliza kwa nini Unguja, iliyo kubwa kuliko Pemba na iliyo karibu zaidi na bara, haikupata ndege wake kama hao wanne. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilishuka karibu mita 120. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa maji mafupi, ukawa nchi kavu. Paa na chui walipita kwa miguu, ndege wa msituni wakapita mti kwa mti. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Ukivuka kwa boti kwenda Pemba, maji yale yanayogeuka buluu nzito ndiyo yaliyomfanya yule bundi.

Vijisiwa vya mwamba ni habari nyingine. Huko hutafuti ndege wa pekee, unatafuta mazalia. Karibu na Watamu kipo kimoja, Whale Island, ambako buabua, ndege wa baharini, hutaga majira ya kusi, na huko kaskazini, Kiunga, vipo kadhaa. Yai la buabua hukaa chini kabisa, juu ya matumbawe makavu, na madoa yake humfanya mtu alikanyage kabla hajaliona. Ukishuka tu, wazazi wote huruka kwa kelele. Ukiwa unatafuta picha nzuri, yai liko wazi kwenye jua la saa sita, na kunguru anakutazama wewe anayemfungulia mlango. Mimi katika hili ni mkali, na nimeshagombana na wapiga picha: mwambieni nahodha asimame mbali, tazameni kwa darubini mkiwa chomboni. Kama ndege wameinuka, mmekaribia mno.

Huyo kunguru mwenye kola ya kijivu, anayejaa Mombasa, si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale takataka, akaona mayai ni matamu zaidi. Panya naye husafiri na vyombo. Ndege wa kisiwani aliyekua bila adui wa namna hiyo hana ujanja wa kumkimbia. Huko Shelisheli yuko buabua mweupe asiyejenga kiota hata kidogo: hutaga yai moja juu ya tawi tupu, penye kibonyeo, na kifaranga huzaliwa na kucha imara za kung'ang'ania. Panya mmoja akipanda mti ule, hesabu imekwisha.

Hukohuko Shelisheli kuna kisiwa cha Cousin, ambacho hakifiki hekta 30. Mwaka 1968 kilinunuliwa na shirika la uhifadhi ambalo leo ni BirdLife International, kwa ajili ya kindege mmoja wa kahawia, wa kawaida tu kwa sura. Duniani kote walibaki chini ya 30, wote kisiwani hapo, katikati ya shamba la minazi. Minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikarudi, na wadudu wa majani wakarudi nayo. Kufikia 1982 walikuwa takriban 320. Kisiwa kikajaa, ikabidi mwaka 1988 ndege 29 wahamishiwe kisiwa jirani cha Aride. Kazi yote hiyo ilitegemea watu waliokaa chini na kuandika nani anakula nini, kwenye mti gani.

Ndicho nilichomuuliza yule mama. Ninga wa Ngezi alikuwa akila tunda gani? Hakuandika. Chozi alikuwa kwenye ua lipi? Hakuandika. Akacheka, akasema labda Desemba atarudi tena. Nikampa kazi ya kuanzia hapahapa: mkuyu mmoja, saa nzima, asiandike majina, aandike matendo.

Jumatano iliyofuata tulikuwa na ndege 41 kufikia saa tano. Yeye tulimwacha nyuma chini ya mkuyu, amekaa juu ya sweta lake, na tulipomrudia alikuwa na ndege sita na kurasa nne.