Uaminifu kwa programu si kukariri mwongozo

Wengi hudhani kuendesha kwa uaminifu programu ya kuwakinga vijana na hatari kama dawa za kulevya ni kusoma mwongozo neno kwa neno. Sivyo. Itazame Familias Unidas, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Miami kwa familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini nchini Marekani. Wazazi hukutana kwa vikundi, na mwezeshaji hahutubii: huuliza, nao hujadiliana. Anayesoma kila mstari huku amewanyamazisha wazazi ameshaiharibu. Kubadili mfano wa familia ya Kikuba uwe wa Kimeksiko hakupunguzi kitu. Kinachonihuzunisha ni kufuta ziara za mwezeshaji kwa kila familia ili kubana matumizi. Huko ndiko mzazi hufanya mazoezi ya kuzungumza na kijana wake ana kwa ana kuhusu dawa za kulevya.