Mazabodi ghali haiongezi fremu

Kwa miaka mingi wanaounganisha kompyuta za gemu nyumbani wameambizana kwamba mazabodi (bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta) ya bei kubwa huongeza fremu, yaani idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde. Sivyo. Fremu zinatoka kwenye prosesa na kadi ya picha. Mazabodi inazipa sehemu hizo umeme na kupitisha data. Prosesa ya Ryzen 5 5600, ya wati 65, ukiiacha na mipangilio ya kiwandani, itacheza karibu sawa kwenye mazabodi ya aina ya A520 ya bei nafuu na kwenye ya X570.

Tofauti ziko kwingine. A520 inaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya mazabodi na kadi), mazabodi ya B550 inafika 4.0. Kadi nyingi hazijali, lakini kadi ya picha ya RX 6500 XT ina njia 4 tu za kupitishia data, na kwenye 3.0 inapungua kasi waziwazi. Tazama pia vyuma vya kupoza kando ya soketi, mahali prosesa inapokaa: mazabodi isiyo navyo usiitwishe prosesa kubwa. Na uliza toleo la BIOS (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) kabla hujalipa, kwani la zamani huenda lisiitambue prosesa yako, ubaki unakodolea skrini nyeusi.

Pesa iliyookolewa iende kwenye kadi ya picha. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, nunua vijiti viwili badala ya kimoja. Penye nafasi nne, kwa kawaida huchomekwa kwenye ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.