Kabla ya posa, pimeni damu

Mtoto alikuwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vimemvimba vinang'aa. Bibi mzaa baba ndiye aliyesema kwanza: "Mwanangu, kwetu hatuna maradhi haya. Labda huko kwa mkewe." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi hapa maabarani Malindi, na kila mara lawama humwangukia mwanamke.

Ilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli. Damu tunaiweka kwenye jeli tukaipitishia umeme. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa ya kawaida (A) hutangulia, ile ya selimundu (S) hubaki nyuma. Kwa mtoto, mstari wa A haukuwepo kabisa. Kwa mama ilionekana yote miwili. Baba alikuja kesho yake akitoka baharini, na kwake pia miwili. Aliitazama karatasi kwa muda. "Lakini daktari, mimi sijalazwa hata siku moja."

Ni kweli. Mwenye AS, yaani aliyerithi A kwa mzazi mmoja na S kwa mwingine, kwa kawaida ana afya njema, na utotoni hiyo S moja humkinga na malaria kali, ndiyo maana imeenea sana pwani yetu. Tatizo huja wenye AS wawili wanapozaa: kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, yaani mgonjwa aliyerithi S kwa wazazi wote wawili. Nasema kila mimba. Wa kwanza akiugua, haina maana kwamba watatu wanaofuata wamesalimika.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, posa ikiletwa, vijana wapimwe, hasa watoto wa ami wanaooana, kwani S zao huenda zimetoka kwa babu mmoja. Sisemi posa ikataliwe. Nataka mtoto apimwe anapozaliwa, aanzishiwe penisilini na kinga ya malaria kabla vidole havijavimba. Kupima mtoto angali tumboni kunawezekana, kwa maji yanayomzunguka, ila ni ghali na kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Uamuzi huo ni wa mama asiyeshurutishwa.

Shambani pia jambo ni hilo hilo. Shangazi yangu wa Gede alipanda mbegu ya muhogo aliyopewa na jirani. Shina lilikuwa zima kwa macho, kama yule baba. Alipovuna na kukata, ndani mlikuwa na madoa makavu ya rangi ya kutu: ugonjwa wa michirizi kahawia, unaoletwa na virusi vinavyosafiri ndani ya kipande cha shina. Jani moja likipelekwa maabara, chembe za urithi za virusi zikatolewa nakala nyingi hadi zionekane, ugonjwa hujulikana kabla ya kupanda. Shangazi aliogopa, akaniuliza kama muhogo uliopimwa unalika. Unalika, shangazi. Kupima si kubadilisha. Jani tu ndilo lililochumwa.

Yule baba alirudi juzi na mdogo wake, anayeoa Mfunguo Mosi. Yeye na mchumba wake wametoa damu. Majibu ni Alhamisi.