Chakula kitangulie mayai: kulea vifaranga wa beta kwenye joto la visiwani

Vifaranga wengi wa samaki wa mapambo wanaofia majumbani hawafi kwa maradhi. Wanakufa kwa njaa, siku ya tano au ya sita baada ya kuanguliwa, na mwenyewe kila asubuhi anawanyunyizia unga wa chakula. Kifaranga wa beta, samaki mdogo wa mapambo ambaye dume lake hujenga povu juu ya maji la kuwekea mayai, akitoka kwenye yai ana urefu wa milimita 3 hivi, na chembe ya unga wa dukani, hata ukiusaga mpaka ukawa vumbi, ni kubwa kwa mdomo wake. Tena haichezi, na yeye hurukia kinachocheza tu. Siku za mwanzo anaishi kwa kiini kilichobaki tumboni. Kikimalizika, ana muda mfupi sana wa kupata kitu hai kinachoingia mdomoni.

Huku kwetu muda huo ni mfupi zaidi. Wakati wa kaskazi maji ya tangi ndani ya nyumba hufika nyuzi 30 bila ya hita. Kwa joto hilo mayai huanguliwa kwa saa 24 hadi 36, na siku mbili au tatu baadaye vifaranga wanaacha kuning'inia mkia chini kwenye povu la baba yao, wanaogelea wamelala sawa. Siku hiyo ndiyo ya kuanza kulisha. Chakula chao cha mwanzo kinataka siku nne kuwa tayari. Kwa hiyo mtungi wa chakula unawekwa kabla dume na jike hawajakutanishwa.

Chakula chenyewe ni infusoria, vijidudu vya majini ambavyo kwa macho vinaonekana kama vumbi linalotembea. Chukua chupa ya mdomo mpana ya lita 2, jaza maji ya tangi la zamani (si maji mapya, maana vijidudu tunavyovitaka vinatoka humo), tia kipande cha ganda la ndizi cha urefu wa kidole na jani moja kavu la mti wa mkungu lililoanguka lenyewe. Funika kwa kitambaa, mbu wasiingie. Weka penye mwanga lakini si juani. Siku ya pili maji yatakuwa meupe kama ya mchele na yatanuka. Hao ni bakteria, usilishe bado. Siku ya nne hivi weupe unaanza kutoweka kwa sababu infusoria wanawala bakteria, na harufu inapungua. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni: ukiona vumbi linakwenda huku na huku, tayari. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka kwenye maji ya juu, mililita 20 kwa kila lita 10 za tangi, mara tatu kwa siku. Siku mbili baada ya mtungi wa kwanza anzisha wa pili, maana kwenye joto hili mtungi mmoja haudumu wiki. Uliorudi kunuka vibaya umwage.

Kiini cha yai la kuchemsha kinapendekezwa na wengi. Mimi sikipendi. Kinalisha, lakini kinazama, na kwa nyuzi 30 kinaoza kabla ya jioni. Ukikosa namna, punje ya ukubwa wa choroko itikise kwenye kikombe cha maji, chuja, tia matone matatu manne tu.

Kuanzia siku ya nne au ya tano ya kuogelea, anza artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi vinavyouzwa kama mayai makavu. Kata kitako cha chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, igeuze kifuniko kikiwa chini, tia lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi (kijiko kimoja na nusu cha mezani, cha kusawazisha) na nusu kijiko cha chai cha mayai. Ingiza mpira wa pampu ya hewa mpaka chini kabisa, hewa itoke kwa nguvu ili mayai yasitulie. Washa taa karibu. Baada ya saa 18 hadi 24 zima hewa, subiri dakika kumi: maganda yanaelea, artemia wa rangi ya machungwa wanashuka. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwenye kipande cha kanga kuukuu, wasuuze kwa maji baridi, walishe hapohapo. Wakikaa nusu siku wanatumia akiba yao wenyewe na kubaki maganda matupu yanayotembea. Kifaranga aliyeshiba tumbo lake linageuka rangi ya machungwa, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Mayai yakiangua machache, lawama kwanza unyevunyevu. Masika kopo likiachwa wazi usiku mmoja linaharibika. Lifunge vizuri, uliweke kwenye friji.

Sasa maji. Visima vingi vya upande wa mashariki wa Unguja vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji ni magumu. Chokaa kilichoganda ndani ya birika lako kinatosha kukwambia. Beta huyavumilia, na gapi na moli, samaki wengine wa mapambo, huyafurahia. Lakini maji ya namna hii huwa na pH ya juu (kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, juu ya hapo uchachu hakuna), na hatari yake iko kwenye amonia inayotoka kwenye chakula kilichooza. Kwenye pH 7 na nyuzi 30, sehemu yake yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 inapita asilimia 7. Chakula kilekile kilichosazwa, sumu mara tisa. Ndiyo maana nasema lisha kidogo mara nyingi, na kila jioni vuta uchafu wa chini kwa mpira wa pampu ya hewa, si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji. Yamwagie kwenye beseni jeupe, utawaona vifaranga waliovutwa bahati mbaya. Maji ya kujazia yawe na joto lilelile, yaingie tone kwa tone. Ya mfereji yakinuka klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana mzima kwanza.

Kina cha maji kisizidi sentimita 15. Jike atolewe mara tu baada ya kutaga, dume siku vifaranga wanapoanza kuogelea, la sivyo atawala. Chujio liwe la sponji, hewa itoke povu moja moja. Funika tangi kwa kioo au plastiki ukiacha upenyo, na usiliweke chini ya pangaboi: kati ya wiki ya tatu na ya sita beta anajifunza kuvuta hewa ya juu ya maji, na hewa hiyo ikiwa baridi au kavu wanakufa kwa makundi.

Umeme ukikatika, teka maji kwa kata na kuyarudisha taratibu kutoka juu kila nusu saa. Siku hiyo usilishe.